Kamera ya Getini Huzimika Jioni

Saa kumi na mbili na dakika tisa jioni, Jumatatu, picha ya getini ilizimika.

Skrini ya simu ilikuwa na vipande vitatu: sebule, korido ya vyumba, geti. Viwili vilibaki na picha. Cha tatu kiligeuka cheusi, na katikati yake yakatokea maneno meupe: hakuna mawasiliano. Baada ya kitambo picha ilirudi, ikaonyesha nguzo ya geti na kipande cha barabara, kisha ikafa tena.

Mfamasia alikuwa bado kazini, nyuma ya dirisha la kutolea dawa. Alihamishia macho kwenye kipande cha sebule. Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu, na mto wa kuegemea umeanguka chini. Akapiga simu nyumbani.

"Kiranja, mama yuko wapi?"

"Sebuleni, dada. Nimemwacha anasahihisha magazeti."

"Na wewe?"

"Jikoni, nampashia maji ya kuoga."

"Hebu kamwangalie."

Alisikia kandambili zikipiga sakafu, mlango ukifunguliwa, kisha pumzi tu.

"Dada, hayupo."

Ilikuwa mara ya tatu tangu kamera zifungwe. Kiranja alimkuta mama barabarani, amekwishavuka njia panda ya malori, akielekea upande wa shule aliyoiongoza mpaka akastaafu. Hakuwa ameumia. Alikuwa amekasirika, na hakuweza kueleza kwa nini.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kengele, kwa kuwa enzi za ualimu wake mkuu hakumwachia mtu mwingine kuigonga kengele ya shule. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka, za karibuni zikitangulia. Mwanamke aliyeajiriwa kumtunza alipewa cheo siku ya kwanza: "Wewe utakuwa kiranja," na jina likamganda. Kutoka mkononi mwa Kiranja mama alikula. Chakula cha mkono mwingine wowote alikiuliza kimetoka wapi na nani amekiidhinisha.

Jioni hiyohiyo kaka yake mfamasia, mhasibu, alifika akiwa bado na tai shingoni. Alimkuta mama sebuleni.

"Shati limechomoka," mama alimwambia.

Kaka alichomekea shati, akamvuta dada yake, aliyekwisha kurudi nyumbani, mpaka stoo, chumba kidogo kando ya jiko ilikowekwa mashine ya kurekodi.

"Kila jioni inazimika," alisema. "Asubuhi inawaka yenyewe. Kamera gani hiyo inayojua saa?"

"Labda ni mbovu."

"Mbovu haichagui saa, mdogo wangu. Mchana kutwa inaonyesha mpaka nzi. Giza likiingia tu, inakufa. Tena inawaka na kuzima, kama mtu anachezea plagi. Nani yuko nyumbani saa hizo?"

"Plagi si uliizungushia utepe wa gundi?"

"Niliizungushia, nikafunga na stoo kwa ufunguo. Ikazimika vilevile. Basi anaung'oa waya kule kule getini. Anatoka kwa shughuli zake, hataki tumwone, na mama anamfuata nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Methali si ushahidi, kaka."

"Ushahidi nitaupata wapi, ikiwa anayezima ndiye anayeachiwa nyumba?"

Kiranja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai cha mgeni. Alikiweka juu ya gunia la mchele.

"Sijagusa kitu, kaka. Ila kengele ya getini hailii tangu mfunge haya macho yenu. Nilishakwambia."

"Siku hizi nani anabonyeza kengele? Watu wana simu. Tunazungumza kamera, usituhamishe."

"Haya, kaka," Kiranja alisema, akarudi jikoni.

Kufuli la geti lilikwisha kujaribiwa. Mama alilitikisa geti mpaka viganja vikachubuka, na daktari akaonya lisirudiwe. Daktari huyohuyo alisema kutangatanga kunaweza kuwa hatua ya kawaida ya ugonjwa. Kaka hakukataa, lakini kwake hatua ya ugonjwa haikueleza kamera. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: Jumamosi Kiranja aondoke, Jumapili mama ahamie kwake, ghorofa ya nne.

"Mchana atakaa na nani huko?"

"Nitafunga mlango."

"Na atakula kwa mkono wa nani?"

"Una njia nyingine?"

Mfamasia aliomba apewe mpaka Jumamosi. Kama kufikia siku hiyo hatajua kinachozima kamera, atamwambia Kiranja mwenyewe.

Kamera zilinunuliwa baada ya mama kuteleza koridoni. Mwenye duka walimwita Fundi Mita, kwa kifaa cha kupimia umeme alichokining'iniza kiunoni hata akiwa anapiga hesabu ya chenji. Aliwapangia ndugu hao wawili kamera mezani kama muuza samaki.

"Hii inaona mchana tu. Jua likizama inakuwa kipofu kama kuku. Hii nyingine ina taa ndogondogo kuzunguka kioo, mwanga wake jicho la mtu halioni, ila yenyewe inaona. Hiyo ndiyo ya getini. Picha inapita hewani, msijisumbue. Umeme ndio unataka waya. Toka stoo mpaka geti ni mbali?"

"Mbali kidogo, lakini waya upo," kaka alijibu. "Umepita chini ya matofali ya ua, tangu zamani."

"Waya gani?"

"Wa shaba. Mzima kabisa."

"Bosi, kamera ni kama shemeji. Akipita mchana, chai inatosha. Akilala, lazima umpikie."

Walicheka wote watatu. Kaka hakutaka kuwalipa watu wa kufunga. Alisoma maelekezo, akaziwasha zote tatu mezani saa sita mchana, zikaonyesha vizuri, akaenda kuzipandisha mwenyewe.

Jumanne mfamasia alipotoa dawa, aliitazama simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Alihesabu vidonge vya mtu mmoja, akasita, akavimwaga, akavihesabu upya. Mwenzake alimuuliza kama anaumwa. Jioni geti likazimika, lakini mama hakutoka. Kaka alikuwa amekaa naye sebuleni, miguu kainyoosha kuziba njia.

Jumatano alibadilishana zamu, akashinda nyumbani bila kumwambia kaka yake. Alikaa jikoni, mahali pa kumwona Kiranja na mlango wa stoo kwa pamoja, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Unanilinda, dada," Kiranja alisema. Hakuuliza.

"Nailinda kamera."

"Ni kulekule."

Ilikuwa kweli, na mfamasia aliendelea kukaa palepale.

Mchana mawingu yalijikusanya. Alasiri mvua ilishuka kwa kishindo, na jiko likawa giza kiasi cha kuwashiwa taa. Kiranja alikuwa akikanda unga, mikono imezama kwenye beseni. Kipande cha geti kikazimika.

Mfamasia alimtazama Kiranja. Kiranja aliitazama simu. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya unga.

"Dada, umeona?"

"Nimeona."

Hapo wote wawili wakakumbuka sebule. Kiti kilikuwa kitupu.

Mlango mdogo wa geti ulikuwa wa kujifunga wenyewe: ndani ulikuwa na komeo la kuvuta, nje tundu la ufunguo tu. Waliuvuta, wakatoka, ukajibamiza nyuma yao. Malori yalikuwa yamewasha taa mchana. Mfamasia alipoteza kandambili moja kwenye maji na hakurudi kuifuata. Upande wa njia panda breki ililia, ndefu. Aliendelea kukimbia huku akisubiri kishindo. Kishindo hakikuja.

Mama alikuwa amesimama chini ya upenu wa kibanda kilichofungwa, upande wa pili wa njia panda, mkoba kaukumbatia, maji yakimchuruzika kwenye nyusi. Dereva wa lori alikuwa ameteremka, anamfokea mtu asiyeonekana.

"Nimesubiri," mama alisema. "Nimesubiri mpaka nimechoka. Hawakunifungulia."

"Nani, mama?"

Mama alimtazama kwa makini. "Wewe uko darasa la ngapi?"

Walimrudisha wakiwa wamemshika huku na huku, Kiranja akafungua geti kwa ufunguo wake. Kiranja alimbadilisha nguo, akamfunika, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mfamasia alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akaosha mguu uliopoteza kandambili. Kisha akarudi kwenye rekodi.

Alikuwa na mazoea ya maabara: ukiwa na jambo linalojirudia, tafuta linabadilika na nini. Alizipitia jioni zote tangu kamera ifungwe. Siku za anga jeupe, geti lilizimika jua likishazama. Siku za mawingu, mapema kidogo. Siku ya mvua, alasiri. Asubuhi zilifuata mtindo huohuo kinyumenyume. Akampigia kaka yake.

"Leo imezimika Kiranja akiwa mbele yangu. Mikono yake kwenye unga."

"Basi ana mwenzake."

"Na huyo mwenzake huwahi siku za mvua?"

"Nasema linalowezekana."

"Haifuati saa, kaka. Inafuata mwanga. Jumamosi njoo, na Fundi Mita nimemwita."

Jumamosi saa sita mchana jua lilikuwa kali, ua mkavu. Kiranja alikuwa amefungasha. Begi lake lilikuwa jikoni, kando ya mlango. Binamu yake angepita kumchukua kwa pikipiki magharibi. Fundi Mita alifika na ngazi begani.

"Mwalimu, shikamoo," alimwamkia mama aliyekaa kibarazani.

"Marahaba. Kucha hizo."

Fundi akaficha mikono nyuma.

Mfamasia alipanda ngazi na ndoo nyeusi. Kaka alisimama kivulini na simu.

"Dada, unaivalisha kofia?" fundi aliuliza.

"Naipa usiku."

Aliifunika kamera kwa ndoo. Walisubiri.

"Imezimika," kaka alisema.

Aliiondoa ndoo. Walisubiri tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Imerudi."

"Kiranja yuko wapi?" mfamasia aliuliza toka juu.

"Kibarazani, anamkata mama kucha."

"Haya."

Kaka hakutosheka. Alipanda mwenyewe, akafunika, akafunua, akafunika tena, mpaka fundi akamwambia ataiua kwa mshtuko. Kila alipofunika, picha ilikufa. Kila alipofunua, ilifufuka. Hakuna aliyekuwa karibu na plagi.

Fundi Mita alipima umeme stoo: volti kumi na mbili, kamili. Akapima getini: mchana, karibu kumi na moja. Ndoo ilipofunikwa na zile taa za usiku kuwaka, namba ilishuka mpaka nane, kamera ikakata, namba ikapanda, kamera ikajiwasha, ikashuka tena.

"Ndiyo maana inapepesa," alisema. "Taa zikiwaka inataka mlo mkubwa, na mlo unaishia njiani. Shemeji amelala njaa, bosi. Ngoja nimwone mpishi." Akafungua kikasha kwenye nguzo, akauvuta waya kwa vidole viwili. "Huu ni waya? Huu ni uzi wa kushonea. Ulikuwa wa nini?"

Kaka alikuwa anaitazama nguzo upande wa nje, kwenye kitufe cheupe cha kengele. Nyuma yake, ndani ya kikasha, skrubu mbili za waya zilikuwa tupu.

"Wa kengele," Kiranja alisema toka kibarazani, bila kuinua macho kwenye kucha za mama. "Wa kengele ya jikoni."

"Matofali yasingeharibika," kaka alisema, kama aliyeulizwa. "Na waya ulikuwepo."

Mfamasia alivuta komeo, akatoka nje ya geti. Mlango ukajifunga nyuma yake. Alibonyeza kitufe. Akasubiri. Akabonyeza tena. Lori lilipita, aliita, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa nyumba, mrefu, bila upenyo. Upande wa kulia kulikuwa na barabara, na mwisho wake njia panda, na ng'ambo yake shule. Ukifungiwa nje hapa, njia ilikuwa moja tu.

Kiranja ndiye aliyemfungulia.

"Kabla ya kamera," mfamasia alimuuliza, "jioni mama alikuwa anafanya nini?"

"Giza likianza tu, hata la mvua, anatoka kukagua geti kwa nje, kama limefungwa. Likishajifunga anabonyeza, nami namfungulia. Ananiambia, 'Umechelewa, Kiranja.' Kila siku, hata niwe nimekimbia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema kengele hailii." Hakupandisha sauti. "Siku za mwanzo sikujua. Nilikuwa nangoja ilie. Isipolia najua yuko ndani. Baadaye nikawa namwahi mlangoni siku nyingine, nikasema pia. Nikaambiwa nisihamishe mada."

Fundi Mita alijishughulisha sana na koleo lake.

Kaka alizima simu, akaitia mfukoni. "Hapa tumethibitisha kamera tu. Mama hatujamthibitisha. Huenda daktari yuko sahihi, na angekwenda shule hata kengele ikilia. Kama leo atakwenda, mpango ni uleule."

Lilikuwa jambo la haki kimantiki, na mfamasia alilikubali. Kiranja aliitikia kwa kichwa, akarudi kumalizia kucha.

Fundi alipitisha waya mpya, mnene, juu ya ukuta. Wa zamani aliurudisha kwenye skrubu zake. Kazi ilimalizika jua likiwa limeshuka kwenye paa la jirani. Kaka alimwomba abaki kidogo: achukue ngazi yake, akasimame njia panda.

"Nifanye nini huko?"

"Jifanye unatengeneza taa."

"Na mwalimu akifika?"

"Mzuie."

"Mimi? Mama Kengele?" Alitikisa kichwa, lakini alikwenda.

Binamu wa Kiranja alifika, akaambiwa angoje uani. Kiranja alikaa jikoni kwenye kigoda, begi miguuni. Maji ya kuoga yalikuwa motoni. Aliyabandika bila kuambiwa. Mfamasia na kaka yake walisimama stoo, mbele ya skrini. Mlango wa stoo waliuacha wazi.

Mama aliinuka kitini. Mto ulianguka. Alichukua mkoba, akapita sebuleni, akatoka.

"Mfuate," kaka alisema.

"Hapana."

"Mfuate kwa mbali."

"Ulitaka kumthibitisha."

Picha ya geti ilipoteza rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Haikuzimika. Mlango mdogo ulifunguka, mama akatoka, mlango ukajifunga. Aliusukuma kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu dawati la mtoto. Kisha akageuza uso kulia, kwenye barabara, akaitazama.

Alipiga hatua. Nyingine. Bega likatoka kwenye picha, kisha mkoba. Ikabaki nguzo peke yake.

Kaka alikuwa ameshika ukingo wa rafu.

"Amekwenda," alisema.

Jikoni kigoda kilikwaruza sakafu na kunyamaza.

Upande wa kulia wa picha ukatokea mkoba, kisha mkono. Mkono ulipapasa nguzo, ukashuka, ukapanda, ukakipata kitufe.

Kengele ililia juu ya mlango wa jikoni, kali, bila breki, kama ya kuwaingiza watoto darasani.

Kaka aligeuka kutoka. Kiranja alikuwa amekwishampita, kandambili zikipiga sakafu. Kwenye skrini mlango ulifunguliwa toka ndani. Dirisha la stoo lilikuwa wazi, na sauti ikafika.

"Umechelewa, Kiranja."

"Samahani, mwalimu."

Kaka alikwenda jikoni, akaliinua begi, akalirudisha chumbani kwa Kiranja.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, mlango wa geti ulifungwa. Walioonekana kuingia ni wawili.